Daraja Lililokonda Upande Mmoja

Watoto wa Ilindwe walikuwa na kitendawili chao wenyewe, na mgeni akiingia mjini walimtegea kabla hajapewa hata kigoda. "Akipumzika hukonda, akitwishwa hunenepa." Mgeni akisema punda, walicheka. Akisema mke wa pili, akina mama walicheka zaidi. Mwisho, akishindwa na kuwapa mji, walimshika mkono wakamshusha mpaka kwenye korongo la mto Mbwisa, wakamwonyesha daraja.

"Huyo hapo. Mguse."

Mgeni aligusa, akarudisha mkono haraka, maana daraja lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe.

Asubuhi ile ya Jumamosi, Mhandisi Tusekile alikuwa chini ya tumbo la daraja hilo, amesimama kwenye ngazi ya ukaguzi, amebandika sikio kwenye fimbo ya chuma kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Juu yake watu wa Ilindwe walikuwa wanalitembeza. Walikwenda ng'ambo, wakageuka, wakarudi, magunia ya mawe vichwani, wimbo mdomoni. Ndivyo walivyofanya kila Jumamosi tangu malori yalipoacha kupita. Mizigo ya nchi siku hizi ilikwenda kwa ndege zisizo na rubani, kutoka mji mkubwa mpaka mji mkubwa, na miji ya mlimani ilisahauliwa. Lakini daraja la mfupa halijui kusahauliwa. Waliolipanda walitia mbegu mbili, moja kila ukingo, wakazilisha chokaa, mfupa ukatambaa hewani mpaka ukakutana katikati ukashikana. Mfupa huo uliumbwa unenepe pale unapobebeshwa na unyauke pale usipobebeshwa, kama mguu uliotoka kwenye plasta. Malori yalipokoma, daraja lilianza kunyauka. Watu wakaona hawana namna, wakajitwika mawe wenyewe.

Tusekile aliweka fimbo kwenye ubavu wa upande wa juu wa mto. Mlio ulimjia mzito, umeshiba, du, du, du. Akavuka kijingazi, akaiweka kwenye ubavu wa upande wa chini. Mlio ulimjia mkavu kama kibuyu kilichokaa darini mwaka mzima.

Alishusha fimbo akakaa kwenye ngazi.

Ilindwe kulikuwa na adabu moja ambayo hata maji ya bomba na taa za jua hazikuiondoa. Mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamtaji jina, haongei naye, na njia anayopita mzee yeye hapiti. Akimwona anakuja huacha njia na kujifunika kanga hadi mzee apite. Sasa mji mzima ukienda kutembea juu ya daraja moja, utafanya nini? Walifanya jambo la akili. Wanawake walishika upande wa juu wa mto, wanaume upande wa chini, katikati pakabaki wazi. Mambo yakaenda vizuri, tena kwa heshima. Ila wanawake walikuwa wengi, na magunia, na watoto mgongoni. Upande wa wanaume walikuwa wazee wenye mikongojo na hadithi, na vijana wachache ambao hawajaenda kutafuta kazi pwani. Mfupa ukafanya kile ulichoumbiwa. Ulichukua chokaa kwa wazee, ukawapa wakamwana, wake wa wana wao.

Tusekile alikuwa amewaambia mapema. Alimtuma mama mkwe wake, Mama Gwakisa, aende kwa wazee na ombi la kubadilishana pande. Jibu lilirudi kabla uji haujapoa.

"Wanasema njia iliyokanyagwa na wakamwana hawaikanyagi," Mama Gwakisa alisema. "Wanasema pia wewe ni mtoto mzuri na daraja ni lako, lakini adabu ni ya kwao."

"Mama, adabu inalikondesha daraja."

"Mimi ni simu tu, mwanangu. Simu haibishani na anayepiga."

Na baba mkwe mwenyewe, Mzee Andongwisye, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wazee. Tusekile aliishi ua mmoja naye tangu alipoolewa, na uso wake hakuujua. Alijua kikohozi chake, alijua mkongojo wake wenye kipande cha bati chini, alijua jinsi anavyocheka kabla hajamaliza kutega kitendawili. Basi.

Alipopanda juu kutoka kwenye ngazi, aliwakuta watu wamesimama, magunia yako chini. Walikuwa wanatazama mji wao.

Mlima Ngosyo, ambao Ilindwe iliukalia mapajani, ulikuwa umechanika. Ufa ulianzia juu ya shule ukakata mashamba ya viazi mpaka nyuma ya zahanati, na mfereji uliokuwa unapita pale ulikuwa unamwaga maji ndani yake, nayo hayakutokea popote.

*

Redio ya Idara ya Njia, ndani ya kibanda cha ukaguzi, ilikoroma sana kabla haijajibu.

"Ufa una upana gani?" aliuliza Mhandisi Mkuu kutoka makao makuu. Jina lake Nkwabi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula huku anaongea.

"Asubuhi ulimeza mbuzi. Sasa unameza ng'ombe. Vihisio vya mlimani vinasema udongo wa chini umeshaanza kutembea. Mchana hautufikii."

"Basi waondoe."

"Njia ya kuondoka ni moja, mzee. Ni daraja."

Ikasikika sauti ya karatasi. "Daraja la Mbwisa nimelifuta kwenye ramani mwaka jana. Taarifa yako mwenyewe ilisema upande wa chini umekonda. Lifunge."

"Na watu?"

"Wasubiri ndege."

"Ndege itaruka kwenye ukungu huu?"

"Ukungu ukiondoka."

Tusekile alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya Ilindwe kama mtu aliyekuja kwenye msiba na mkeka wake. Alizima redio bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu aliyemzidi umri.

Alikaa na kipimo chake akapiga hesabu, akaifuta, akapiga nyingine. Kila moja ilimpeleka palepale. Upande mnene ungewabeba wanawake wote na watoto wote, mara mbili. Lakini ukiubebesha upande mmoja peke yake daraja linajipindua, kama mtumbwi ambao watu wote wameegemea ukingo mmoja. Lazima upande wa pili uwe na uzito wa kulishikilia, na uzito huo utembee sambamba na watu, hatua kwa hatua. Aliwaza mawe yalazwe upande mwembamba. Hapana. Upande ule ungeweza kubeba kinachopita. Kinachokaa ungekivunjikia. Aliwaza wapite katikati, lakini pale pasipokanyagwa tangu malori yakome mfupa ulikuwa umebaki ganda tu. Aliwaza wapite mmoja mmoja. Mlima usingewangoja. Aliwaza upande mwembamba ukatwe, ule mnene ubaki peke yake kama ubao juu ya mfereji. Msumeno wa kukata mfupa hai ulikuwa Idarani, ng'ambo ya milima.

Ilibaki njia ileile ya kila Jumamosi. Wanawake upande wa juu, wanaume upande wa chini, wakitembea sawia.

Na upande wa chini, kila kundi likipita, ungechakaa. Kundi la kwanza lingefika. La pili lingefika. La tatu, kwa majaliwa. La nne lisingefika.

Mji ule ulikuwa na watu wa makundi manne.

*

Aliwapanga palepale kwenye mdomo wa daraja, katika manyunyu. Kundi la kwanza, vijana wote wa kiume, na upande wa pili wanawake wenye watoto wakubwa. La pili na la tatu, wanaume wa makamo na akina mama wengine. La mwisho, wazee, na upande wa juu wale wanawake wasioweza kwenda haraka: wenye vichanga, wajawazito, bibi zao, na yeye mwenyewe.

Sababu yake ilikuwa ya kihandisi. Vijana ni wazito, na mzito apite mfupa ukiwa bado na nguvu zake. Ukiiandika kwenye mtihani utapata maksi zote. Ila katika vijana hao alikuwamo Gwakisa, mume wake, na Tusekile alijua kabisa kwamba hesabu ile ilimjia haraka mno, tena ikampendeza.

"Tuse," Gwakisa alimwambia, amebeba kitoto cha jirani begani, "kwa nini wazee wasitangulie? Kila siku wanatangulia wao. Watanuna."

"Wanune."

"Una nini wewe?"

"Nina daraja. Mrudishe mtoto upande wa mama yake. Usikimbie, fuata wimbo, na ukifika ng'ambo usisimame mdomoni pa daraja. Nenda."

Alimtazama anavyokwenda. Mfupa ulilia chini yake, ukanyamaza. Kundi la kwanza likameza ukungu, au ukungu ukalimeza, kisha filimbi ikasikika kutoka ng'ambo. Wamefika. Akashuka kwenye ngazi mbio, akabandika fimbo. Kibuyu sasa kilikuwa na mkwaruzo ndani yake.

Wazee walikaa kwenye magunia ya mawe nyuma ya kibanda cha ukaguzi, wanakunywa uji wa mwisho uliotoka mjini, wanataniana. Tusekile alisimama mbele ya kibanda, amewapa mgongo, kanga imefunika kichwa. Kati yao, kama kawaida, alisimama Mama Gwakisa.

Kikohozi kilisikika. Kisha sauti ya Mzee Andongwisye.

"Mama Gwakisa, hebu muulize mwenye daraja. Kila Jumamosi sisi ndio kichwa. Leo imekuwaje tumekuwa mkia?"

"Anauliza imekuwaje wamekuwa mkia."

"Nimesikia, mama. Mwambie vijana ni wazito. Wapite kwanza."

"Anasema vijana wazito."

"Kumbe faida ya kukonda uzeeni ni kupangwa foleni!" alidakia Mzee Kajisi, mfupi mwenye sauti ya ngoma, na wenzake wakaangua kicheko. "Mke wangu kila siku ananiambia kula, kula. Leo nimemshinda!"

Kundi la pili likaondoka. Filimbi ikalia. Kundi la tatu likaondoka. Safari hii mfupa haukulia. Ulipasuka mahali fulani katikati, mlio mdogo wa mtu anayevunja kuni kavu gotini, na upande wa chini ukashuka kidogo, upana wa kiganja. Watu walisimama. Wimbo ulikatika, ukaanza tena, ukaendelea. Filimbi ikalia.

Nyuma ya kibanda kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama Gwakisa," sauti ya mzee ilisema, polepole sasa. "Muulize tena. Upande wetu utatufikisha?"

Tusekile hakungoja aulizwe mara ya pili. Alimshika mama mkwe wake mkono, akamvuta karibu, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwambie haufikishi, mama. Mwambie ukweli wote. Upande wao hautabeba tena mpaka mwisho. Lakini wasipotembea, sisi wa upande huu tunapinduka, na vichanga hivi vyote. Wakibaki hapa na sisi tukabaki, mlima unatuchukua wote. Siwezi kuwaamulia. Mwambie wachague wao."

Mama Gwakisa alimtazama. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mzaha sokoni na msibani, na Tusekile hakuwahi kumwona uso umemkauka namna ile. Aliwatazama wajawazito walioketi kwenye majani mabichi. Alimtazama mume wake, ambaye Tusekile hakuweza kumwona.

Kisha akageuka akasema kwa sauti iliyosikika na wazee wote:

"Anasema mtembee taratibu. Msiachane nasi hata hatua. Mtafika."

Tusekile alifungua mdomo.

Maneno yaliyotakiwa hayakuzidi matatu. Si kweli, baba. Mhandisi huyu aliwahi kubishana na waziri mbele ya kamera, aliwahi kumfukuza mkandarasi kwa matusi ya nguoni. Ulimi haukuwa na kasoro. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama baba mkwe, na mkamwana hasemi na baba mkwe, na hakuna mtu Ilindwe ambaye angemlaumu kwa kunyamaza. Aliyajua hayo yote kwa mara moja. Alijua pia kwamba wakiambiwa, huenda mmoja akasema hapana, na huyo mmoja ana haki, na akikaa yeye watakaa wengine, na vichanga vitabaki.

Akafunga mdomo. Adabu ile, iliyomchosha miaka yote, siku hiyo ilimfaa.

"Basi vizuri," Mzee Andongwisye alisema. Bati la mkongojo wake liligonga jiwe, anainuka. "Mwambie nashukuru. Na mwambie nimeona alivyompanga mwanangu na watu wa kwanza. Nimeona."

Mama Gwakisa hakumfikishia neno hilo. Halikuhitaji kufikishwa.

*

Walitoka wote pamoja, wanawake huku, wazee kule, katikati pameachwa wazi kama kawaida. Tusekile alikuwa wa mwisho upande wake. Kanga aliivuta ikamfunika jicho la upande wa chini, ili asimwone mzee, na mzee, kwa kikohozi chake, alikuwa sambamba naye kabisa.

Wimbo wa Jumamosi uliwashinda. Wenye vichanga hawakuwa na pumzi, wazee nao walikuwa na kifua. Basi Mzee Kajisi akaanza vitendawili, ili hatua zisipotezane.

"Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia pande zote mbili, na magoti ya wazee yakanyanyuka pamoja.

"Mgeni wetu haingii na hodi, na akitoka hutoka na paa."

"Upepo!" alijibu bibi mmoja upande wa wanawake.

"Upepo, ndiyo. Hatua. Hatua. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimemzaa mwenyewe, nikimpigia kelele ananirudishia."

"Mwangwi!"

Tusekile alihesabu mfupa kwa nyayo. Chini ya viatu vyake ulikuwa mpana, imara, umeshiba, na ukingo wa kushikilia ulikuwa umenenepa kama paja mahali wanawake walipozoea kuweka mikono. Chini ya wazee alisikia mchanga. Mfupa ukifika pale haupasuki tena, unasagika. Alijua hatua zilizobaki kufika ng'ambo ni chache kuliko zilizopita, na akajikuta anaanza kuamini kwamba amekosea hesabu. Aliomba kwa moyo wote awe mjinga. Aliomba mwalimu wake, chuo chake, fimbo yake, vyote viwe vimemdanganya.

Ng'ambo ilianza kuonekana. Vijana walikuwa wamenyoosha mikono.

"Niachieni na mimi," Mzee Andongwisye alisema. Alikuwa ameanza kucheka kabla ya kutega, kama kawaida yake. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Wawili wanakaa nyumba moja tangu wazaliwe, hawajawahi kuonana uso."

Kila mtoto anajua jibu. Ni masikio. Tusekile alilijua, midomo yake ikaanza kulisema, na hakujua kama anaruhusiwa kumjibu.

Upande wa chini ukatoka.

Haukutoka kwa kishindo. Ulitoka kama kipande cha mkate kinachochovywa kwenye chai. Hapakuwa na ukelele upande ule, au kama ulikuwapo ulizibwa na mlio wa daraja lenyewe, ambalo liliguna mara moja, likainamia upande mnene, na wanawake wote wakajikuta wamelalia ule ukingo mnono. Waliushika kwa mikono, kwa meno, kwa kanga. Vijana waliwavuta mmoja mmoja kama watu wanaovuna magimbi kwenye tope. Tusekile alivutwa wa mwisho. Kanga ilikuwa bado imemfunika jicho moja. Alikuwa hajaona kitu.

Walipogeuka, daraja liliteremka lote mtoni. Na muda mfupi baadaye, ng'ambo waliyotoka, Ngosyo ilikuja. Ilikuja polepole, na shule mbele yake, na zahanati, na ukungu wote. Ilipomaliza palikuwa na udongo mwekundu tu, unatoa mvuke.

Hesabu zake zote zilikuwa sahihi.

*

Vichanga vililia, vikanyonyeshwa. Gwakisa alisimama ukingoni anatazama chini na watu wawili wamemshika mkanda. Alikuwa anaita "Baba," siyo kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Mama Gwakisa aliketi chini, miguu ameinyoosha. Tusekile akaenda akaketi karibu naye, wakakaa hivyo, mabega yamegusana.

"Kwa nini, mama?" aliuliza mwisho, kwa kunong'ona.

"Nimeishi naye miaka mingi. Ningemwambia ukweli angekwenda vilevile. Ila angekwenda na hofu."

"Na wengine?"

Mama Gwakisa alichuma jani, akalikunja, akalikunjua.

"Wengine sikuishi nao," alisema. "Na wewe ulikuwa na mdomo."

Haikuwa lawama. Aliisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Baada ya hapo alijisogeza kidogo, mabega yakaachana.

Watu walianza kuja. Walikuja kwanza mmoja, kisha wakawa duara, watoto wa wale wazee na wakwe zao na wajukuu, macho mekundu, wote wanamtazama yeye kwa sababu ndiye mhandisi, ndiye aliyepanga. Kijana mmoja, mtoto wa kaka yake Mzee Kajisi, aliuliza kwa niaba ya wote.

"Shemeji. Uliwapanga wazee wa mwisho. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Duara likavuta pumzi. Gwakisa aligeuka kutoka ukingoni.

"Na wao?" kijana aliuliza. "Wazee walijua?"

Tusekile alimtafuta Mama Gwakisa kwa macho. Mama Gwakisa alikuwa anatazama udongo mwekundu ng'ambo. Hapakuwa na simu tena kati yake na watu. Aliona uso wa mumewe, namna ulivyokuwa unamngoja. Akaona pia jibu moja litawafanya wale wazee watu waliochinjwa, na jibu la pili litawafanya mashujaa, na kwa wafu hakukuwa na tofauti.

"Walijua," alisema. "Niliwaambia. Walichagua wenyewe."

Neno likapita kwenye duara kama maji kwenye udongo mkavu. Mtu mmoja akapiga magoti. Mwingine akaanza kutaja majina ya wazee, moja moja, kwa sauti ya kujivuna, na baada ya kila jina watu wakaitikia. Gwakisa akaja akamkumbatia mkewe, akalia begani mwake, na kilio chake kilikuwa kimelegea, kilio cha mtu aliyepewa kitu cha kushika. Tusekile alisimama ndani ya mikono hiyo kama nguzo.

Duara lilifunguka kidogo. Bibi Tupokigwe, mke wa Mzee Kajisi, alikuwa anapita katikati ya watu. Alikuwa mmoja wa waliovuka na kundi la mwisho. Magoti yalikuwa yamechubuka na kitambaa cha kichwa kimepotea mtoni, mvi zake ziko wazi. Watu walimpisha kwa heshima, mjane wa shujaa. Alimshika Tusekile mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," alisema. "Hata Kajisi alijua?"

"Alijua, bibi."

"Uliwaambia saa ngapi?"

"Kabla... kabla hatujaondoka. Mlipokuwa mmekaa kwenye majani."

Bibi alitikisa kichwa, anafikiri, anajaribu kuliingiza jambo hilo mahali pake.

"Asubuhi tuligombana," alisema. "Blanketi tu. Alilivuta usiku nikapata baridi, nikamsema mpaka akatoka bila kunywa chai. Tangu hapo hakunitazama. Kule kwenye daraja nilimwita mara mbili, hakugeuka. Nikasema mwache, akifika ng'ambo atakuwa amepoa."

Watu waliokuwa wanataja majina waliacha kutaja.

"Sasa nieleze wewe uliyesema naye," Bibi Tupokigwe alisema. "Alijua anakufa, na bado hakuona haja ya kuniaga?"

Tusekile alifungua mdomo. Hapakuwa na mkwe nyuma yake wala adabu ya kumzuia. Bibi alikuwa bado amemshika mkono kwa mikono miwili, amemwinulia uso, anangoja kujibiwa.